Presha imeshuka baada ya upasuaji wa moyo: maji gani, kiasi gani, na lini dripu ifungwe

"Sista, presha ya baba inashuka, mbona dripu mmeifunga?"

Hilo swali nimeulizwa mara nyingi sana pale mlangoni ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, na sijawahi kuliona la kijinga hata siku moja, manake wote tumekua tukijua mtu akiishiwa nguvu anawekewa maji, akiharisha maji, presha ikishuka maji. Binti aliyeniuliza siku hiyo alikuwa amenishika mkono kabisa. Baba yake alikuwa ametoka thieta saa 3 zilizopita, amefanyiwa baipasi ya mishipa ya moyo, monita inasoma 84 kwa 48, na pale juu ya kitanda chupa ya maji inaning'inia imejaa, imefungwa. Kwa macho yake ni kama tunamnyima baba yake kitu ambacho kiko hapo hapo.

Nilimjibu kwa kifupi nikarudi kitandani. Hapa nataka nijibu kwa urefu, kwa ajili ya ndugu wanaokesha kwenye yale mabenchi ya nje, na pia kwa wenzangu wanaoanza kazi kwenye wodi hizi, kwa sababu hili jambo hata sisi wa ndani linatuchanganya. Ukilichukulia juu juu linaonekana ni swali la maji gani, salaini au Ringer au albumini. Mimi naona swali la kwanza siyo hilo. Swali la kwanza ni je, huu moyo, saa hii, ukiongezewa maji utayafanyia kazi? Ukishapata jibu la hapo ndo uangalie chupa.

Tuanze na yaliyompata huyo mzee kule thieta, manake bila hayo utaona kila kitu ni cha ajabu.

Kwenye upasuaji mwingi wa moyo, moyo unasimamishwa na damu inapitishwa kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu. Daktari aliyeitumia kwa mafanikio kwa binadamu mara ya kwanza ni John Gibbon kule Philadelphia, Mei 1953. Ile mashine ina mipira yake na mipira haiwezi kuanza kazi ikiwa na hewa, kwa hiyo inajazwa maji kwanza, mara nyingi lita 1 hadi 2, na yale maji yote yanaishia ndani ya mgonjwa. Yani hata kabla hajafika kwetu damu yake imeshazimuliwa. Halafu damu ikizunguka kwenye plastiki saa nzima au zaidi mwili unaona umevamiwa, kinga inaamka mwili mzima kwa mpigo, na mishipa midogo inaanza kuvuja. Ndani ya kila mshipa kuna utando laini sana unaoitwa glaikokaliksi, kazi yake mojawapo ni kuzuia maji na protini visitoke ovyo, na huo utando unachubuka wakati wa upasuaji huu. Ndo maana unamkuta mgonjwa kope zimevimba, vidole vimejaa, pete haitoki, lakini ndani ya mishipa kilichomo hakitoshi. Maji anayo mengi tu, ila yamekaa nje ya mishipa ambako hayamsaidii.

Kuna na joto. Mara nyingi thieta mwili hupozwa, kwa hiyo anaweza kufika kwetu ana nyuzi 35 na kitu, mishipa imejikaza, presha inasoma vizuri mpaka unapumua. Saa 2 au 3 baadaye mwili umepata joto, mishipa imelegea, chombo kimekuwa kikubwa na kilichomo ni kile kile, presha inashuka bila mtu kupoteza hata tone moja. Na matone yanapotea pia, mirija inayoachwa kifuani baada ya upasuaji inatoa damu, na mkojo unamwagika kwa sababu kwenye mashine huwa inawekwa manitoli, dawa ya kukojolesha, mara nyingi, na baridi yenyewe inakojolesha. Mkojo wa saa za mwanzo unadanganya sana. Nesi mgeni anaona mfuko umejaa anasema figo ziko safi mzunguko uko safi, kumbe mgonjwa anakojoa maji ambayo hana.

Juu ya yote hayo moyo wenyewe umetoka kusimamishwa. Misuli imezubaa, inahitaji saa kadhaa, wengine siku moja au mbili, mpaka irudi kwenye nguvu yake.

Sasa ukiona 84 kwa 48 ujue hiyo namba ni matokeo tu. Inaweza kuwa damu iliyomo ni kidogo. Inaweza kuwa mishipa imelegea kupita kiasi. Inaweza kuwa pampu imechoka. Au kuna kitu kinaubana moyo kwa nje. Sababu 4 tofauti na zote zinaandika namba ile ile kwenye monita, na maji yanatibu ya kwanza vizuri, ya pili kidogo, ya tatu yanaizidishia mzigo, na ya nne yanakununulia muda tu wakati daktari wa upasuaji yuko njiani.

Namna maji yanavyosaidia moyo ni kama manati. Ukivuta mpira kidogo jiwe linaanguka hapo miguuni, ukivuta zaidi linaenda mbali zaidi. Misuli ya moyo iko hivyo, ikijazwa na kutanuka inasukuma kwa nguvu zaidi, na jambo hili walilielezea Otto Frank wa Ujerumani na Ernest Starling wa Uingereza, ndo maana mpaka leo linabeba majina yao. Lakini mpira wa manati una mwisho wake. Ukishafika pale hata uvute vipi jiwe haliendi mbele zaidi, na moyo ukifika pale kila mililita unayoongeza haitoki mbele, inarudi nyuma, kwenye mapafu, kwenye ini, kwenye figo. Moyo uliozubaa unafika huko mwisho mapema kuliko moyo mzima.

Na mioyo haifanani. Mgonjwa aliyebadilishiwa vali ya aota, ule mlango wa kutokea damu kwenye moyo, baada ya miaka mingi ya vali iliyobana, moyo wake umekuwa mnene na mgumu, chumba chake ni kidogo na hakitanuki kirahisi, huyo akipungukiwa maji kidogo tu anaporomoka, anataka kujazwa. Mwingine ambaye upande wa kulia wa moyo ndo umechoka, ukimjaza maji ule upande unavimba, unausukuma ukuta wa katikati, upande wa kushoto unabanwa na presha inashuka zaidi. Wagonjwa wawili, vitanda vinapakana, presha ile ile, na kitu kinachomwokoa mmoja kinamzamisha mwenzake. Hapa ndo roho yangu inakuwa juu kila shifti.

Tunajuaje sasa? Zamani tulikuwa tunaangalia presha ya vena kubwa, ile inayosomwa kwenye katheta, mpira mwembamba, ya shingoni, ikiwa chini unajaza ikiwa juu unaacha. Tafiti nyingi zimeonyesha ile namba peke yake haitabiri vizuri kama moyo utaitikia maji. Bado naiangalia, hasa ikipanda ghafla, ila siitumii kama geji ya mafuta. Na wagonjwa wa ICU walioyumba presha, ukiwakusanya, ni kama nusu tu ndo moyo wao unaongeza kazi baada ya kupewa maji. Nusu! Kwa hiyo anayefungua dripu bila kupima amerusha shilingi juu.

Kipimo ninachokipenda ni cha miguu. Unamkalisha mgonjwa amejiinua kifua, halafu unashusha kitanda awe chali na miguu unainua mpaka nyuzi 45 hivi, kwa kitanda chenyewe, siyo kwa kumbeba miguu, manake maumivu ya kidonda cha kifua yanapandisha mapigo na kipimo kinaharibika. Damu iliyokaa miguuni, karibu mililita 300, inarudi kwenye moyo. Ni kama kumpa maji bila kumpa maji, na ukimrudisha alivyokuwa imerudi miguuni. Unaangalia ndani ya dakika 1, na unachoangalia siyo presha tu, ni kiasi cha damu ambacho moyo unatoa, kwa eko, ile picha ya moyo ya ultrasound, au kwa mashine ya kupima mtiririko. Kikipanda kwa asilimia 10 au zaidi huyo moyo unataka maji. Kisipopanda, hautaki.

Kwa yule mzee tulifanya hivyo. Daktari wa zamu kashika kifaa cha eko, mimi niko kwenye kitanda, tukainua miguu, macho yote kwenye skrini, tukahesabu mpaka sekunde 60. Hakuna kilichosogea. Moyo ulikuwa umejaa na unasukuma vizuri, mikono yake ya moto, vidole vyekundu, namba ya chini ya presha, ile 48, ndo iliyokuwa imeshuka sana. Yani mabomba yamelegea. Hapo hata ungemwaga lita 3 ungekuwa unajaza chombo kinachotanuka huku kinavuja. Alichohitaji ni dawa ya kukaza mishipa, noradrenalini, na ndo iliyokuwa inaingia kidogo kidogo kwenye ile pampu ndogo ya sindano kando ya kitanda ambayo binti yake hakuiona, manake haionekani kama chupa. Ndo sababu dripu ilikuwa imefungwa.

Haya, tuseme kipimo kimesema ndiyo, moyo unataka. Hapa ndo tunaingia kwenye chupa.

Maji ya mshipani tumeyagawa makundi mawili, kristaloidi ambayo ni maji na chumvi chumvi, na koloidi ambayo yana chembe kubwa zinazotakiwa zibaki ndani ya mshipa zivute maji. Glukosi ya asilimia 5 iweke pembeni kabisa kwenye habari ya presha, sukari yake inatumika na maji yanayobaki yanasambaa mwili mzima mpaka ndani ya seli, katika lita 1 yanayobaki mshipani hayafiki hata mililita 100.

Salaini ndo inayojulikana kuliko zote, kuna mahali hata maji yoyote ya dripu yanaitwa salaini. Ina gramu 9 za chumvi kwa lita, sodiamu 154 na kloraidi 154 kwa kipimo cha milimoli. Damu yako ina sodiamu kama 140 na kloraidi kama 100. Angalia hiyo kloraidi, imezidi kwa nusu nzima. Ukiingiza salaini nyingi damu inakuwa na asidi. Mwaka 2012 kuna utafiti mdogo wa wanaume 12 wazima wenye afya, walipewa lita 2 za salaini na siku nyingine lita 2 za Plasma-Lyte, maji mengine ya dripu yenye kloraidi kidogo, na ilionekana salaini ilipunguza mtiririko wa damu kwenye sehemu ya nje ya figo. Watu 12 siyo wengi, na hawakuwa wagonjwa, lakini figo ndo kiungo kinachotusumbua sana baada ya upasuaji wa moyo kwa hiyo jambo hilo lilitushtua wengi.

Upande wa pili kuna maji yaliyosawazishwa, yani chumvi zake zimepangwa zikaribie zile za damu. Ringer laktati lina asili yake kwa Sydney Ringer, Mwingereza wa karne ya 19 aliyekuwa anahangaika na mioyo ya vyura kujua ni chumvi gani zinaufanya moyo uendelee kupiga, na baadaye Alexis Hartmann wa Marekani akaongeza laktati. Napenda sana kwamba maji haya yalianzia kwenye moyo na leo tunayarudisha kwenye moyo. Yana sodiamu kama 130, kloraidi kama 109, potasiamu kidogo na kalsiamu kidogo. Plasma-Lyte yenyewe ina sodiamu 140 na kloraidi 98, karibu sana na damu.

Kuna watu wanaogopa Ringer kwa sababu ya ile potasiamu, hasa mgonjwa figo zikiyumba. Potasiamu iliyomo ni 4 tu kwa lita, sawa na iliyomo kwenye damu ya kawaida, huwezi kumpandisha mtu kwa kumpa kitu kinacholingana na alichonacho. Kinyume chake kwa wagonjwa waliopandikizwa figo ilionekana waliopewa salaini ndo waliopanda potasiamu zaidi, kwa sababu ile asidi inaisukuma potasiamu itoke kwenye seli. Kitu cha kweli cha kuangalia kwenye Ringer ni kalsiamu, usiipitishe kwenye mpira mmoja na damu ya kuongezewa, manake damu ya benki imewekwa sitrati ili isigande na kalsiamu inaivunjia hiyo kazi.

Je, kusawazisha kunaokoa maisha? Hapa inabidi niseme yalivyo. Utafiti wa SMART wa Nashville uliotoka 2018 ulikuwa na wagonjwa wa ICU 15,802, na waliopata madhara makubwa, yani kifo au kuwekwa kwenye mashine ya kusafisha damu au figo kubaki zimeharibika, walikuwa asilimia 14.3 kwa waliosawazishiwa na 15.4 kwa salaini. Tofauti ndogo, lakini ipo. Kabla yake SPLIT ya New Zealand, 2015, haikuona tofauti kwenye figo, na wengi wa wagonjwa wale walikuwa wametoka upasuaji. Baada yake BaSICS ya Brazil 2021 na PLUS ya Australia na New Zealand 2022 nazo hazikuona tofauti kwenye vifo. Kwa hiyo anayekuambia salaini ni sumu anazidisha, na anayekuambia zote ni sawa kwa mgonjwa yeyote, naye simfuati. Nasema hivyo kwa sababu kwenye tafiti hizo wengi walipewa lita chache tu.

Mimi kwa mgonjwa wa moyo nachagua yaliyosawazishwa na sababu yangu kubwa ni ya kazi ya kila saa pale kitandani. Kila baada ya saa kadhaa tunapima gesi za damu. Tunataka kujua kama asidi imepanda kwa sababu viungo havipati damu. Ukiwa umemjaza salaini asidi itapanda hata kama viungo vinapata damu vizuri, na mtu wa zamu ya usiku akiiona anasema mzunguko mbaya, ongeza maji, anaongeza salaini, asidi inapanda tena, anaongeza tena. Nimeuona huo mzunguko ukimaliza usiku mzima. Asubuhi mgonjwa ana lita 4 za ziada, laktati yake, ile inayopanda kwenye damu viungo vikikosa oksijeni, ni ya kawaida kabisa muda wote, na hakuna aliyekuwa ameangalia kloraidi.

Na laktati nayo ina mtego wake. Mgonjwa aliye kwenye adrenalini, dawa ya kuupa moyo nguvu, atapandisha laktati kwa sababu ya dawa yenyewe, hata moyo ukiwa unatoa damu ya kutosha. Usiikimbize na maji. Ishike pamoja na vingine, ngozi, vidole vya miguu, mkojo, oksijeni ya damu inayorudi kwenye moyo.

Sasa koloidi, na hapa kuna habari ambayo kila mtu wa kazi hii anatakiwa aijue.

Wazo lake ni zuri mno kulisikia. Mishipa inavuja? Basi weka maji yenye chembe kubwa yasivuje. Kwa miaka mingi yaliyotamba ni yale ya wanga wa kutengenezwa, kwa kifupi HES, yalikuwa ya bei nafuu kuliko albumini na yalijaza mshipa haraka. Mmoja wa waliokuwa wanayatetea sana kwa maandishi ni Joachim Boldt, daktari wa usingizi Ujerumani, na makala nyingi zilimtegemea. Mwaka 2009 alichapisha utafiti uliolinganisha huo wanga na albumini kwenye kujaza ile mashine ya moyo, wasomaji wakaona namba zimenyooka kupita kawaida, wakauliza, uchunguzi ukafanyika, makala ikafutwa mwaka uliofuata. Halafu 2011 wahariri wa majarida wakatangaza kufuta makala zake karibu 90 kwa kukosa kibali cha maadili. Mwaka 2013 watafiti wa Canada walikusanya upya tafiti zote za huo wanga kwa wagonjwa mahututi, na walipoziondoa za Boldt picha ikageuka, wanga ukaonekana unaongeza vifo na kuharibu figo.

Ninapofikiria hilo nawafikiria wagonjwa. Ile chupa ilikuwa inatundikwa vitandani kwa imani nzuri kabisa, na manesi tuliokuwa tunaitundika hatukuwa na namna ya kujua.

Tafiti kubwa nazo zilishatoka 2012. 6S ya nchi za Skandinavia kwa wagonjwa wa maambukizi makali ya damu, vifo vilikuwa vingi zaidi kwenye wanga. CHEST ya Australia na New Zealand, wagonjwa 7,000, wa wanga walihitaji zaidi mashine ya kusafisha damu. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikaweka onyo kali na ikataja wazi kabisa upasuaji wa moyo wa kutumia mashine, kwamba damu inatoka zaidi. Inaeleweka, wanga unavuruga chembe sahani na vitu vya kugandisha damu, na huyu mgonjwa ametoka kupewa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Ulaya wakasimamisha matumizi yake 2022. Kwangu hiyo habari imefungwa. Jelatini, koloidi nyingine, sina mengi ya kuisema, inakaa mshipani muda mfupi, inaweza kuleta mzio mkali, na sijaona inachotupa ambacho kristaloidi haitupi.

Albumini ndo ngumu. Ni protini ya mwili wenyewe, inatengenezwa kutoka plazima ya wachangiaji damu, inabaki mshipani zaidi, kwa hiyo unatumia kiasi kidogo kufikia presha ile ile. Utafiti wa SAFE wa 2004, karibu watu 7,000 wa ICU, uliilinganisha ya asilimia 4 na salaini na vifo vilikuwa sawa. Ila waliotoka upasuaji wa moyo hawakuingizwa kwenye utafiti huo, kwa hiyo mtu akikutajia SAFE kwa mgonjwa wako wa moyo ujue anazungumzia watu wengine. Jibu letu lilikuja 2022 kutoka Helsinki, utafiti unaitwa ALBICS, wagonjwa 1,386 wa upasuaji wa moyo, nusu walipewa albumini ya asilimia 4 na nusu Ringer asetati, ndugu wa Ringer laktati, kuanzia kujaza mashine mpaka saa 24 za kwanza. Waliopata tatizo kubwa walikuwa asilimia 37.1 kwa albumini na 33.8 kwa Ringer, tofauti ambayo haikutosha kusema mmoja amemzidi mwenzake. Ukiingia ndani unakuta kwa albumini jeraha la misuli ya moyo lilipungua, lakini kutokwa damu, kurudishwa thieta kufunguliwa kifua tena, na maambukizi vilizidi.

Kwa hiyo ninavyoona mimi, albumini siyo ya kuanzia. Ina nafasi yake kwa mtu ambaye ameshapewa kristaloidi nyingi, amevimba, na kipimo bado kinasema moyo unataka. Na hata hapo nauliza mirija ya kifua inatoa kiasi gani kwanza.

Mirija ikiwa inamwaga damu, maji siyo jawabu tena. Mgonjwa anayepoteza mililita 200 kila saa anahitaji daktari wa upasuaji ajue sasa hivi, anahitaji kuangaliwa kama damu inaganda, kama heparini imebaki, na anahitaji vitu vya damu. Kumzimua kwa maji kunamfanya atoke damu zaidi. Lakini damu nayo haipewi kwa sababu tu presha iko chini, utafiti wa TRICS III wa 2017 kwa karibu wagonjwa 5,000 wa upasuaji wa moyo ulionyesha kusubiri mpaka hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu, iwe chini ya 7.5 ni salama sawa na kuongeza mapema chini ya 9.5.

Na hili ndo naliwekea mkazo kwa kila nesi mpya ninayefanya naye kazi: mirija ikikauka ghafla, usifurahi. Ilikuwa inatoa 150 kila saa, halafu saa hii sifuri, presha ya ateri inashuka, presha ya vena inapanda, mapigo yanakimbia. Damu haijaacha kutoka, imeziba mrija na inajikusanya kuuzunguka moyo, inaubana usijae. Hiyo ni tamponadi. Maji unaweza kumpa wakati mnakimbia, yatamshikilia dakika chache, ila anachohitaji ni kifua kufunguliwa. Siku ya kwanza niliyoiona nilikuwa nimeandika kwenye chati "mirija safi" kwa furaha kabisa. Daktari mmoja akapita akaangalia chati na monita kwa pamoja, akageuka akaita timu.

Kiasi nacho ni mjadala. Tukiamua kutoa tunatoa mililita 250 ndani ya dakika 10 hadi 15, tunapima kabla, tunapima baada. Kama imesaidia tunasimama hapo, hatuongezi nyingine kwa sababu tu ya kwanza ilikubali. Kama haikusaidia hatuirudii tukitumaini ya pili itakuwa na bahati. Na faida ya kristaloidi haidumu, ndani ya nusu saa mpaka saa moja sehemu kubwa inaweza kuwa imeshatoka kwenye mshipa, kwa hiyo mgonjwa anayetaka chupa kila saa anakuambia kuna sababu nyingine hujaipata.

Watu wanauliza mbona tunaogopa maji hivyo, maji si yanatoka tu kwa mkojo. Figo inasukumiwa damu na tofauti kati ya presha inayoingia na presha inayotoka. Ukimjaza mgonjwa mpaka vena zimejaa, presha ya kutokea inapanda, tofauti inapungua, na figo iliyojazwa maji inakojoa kidogo kuliko mwanzo. Unaona mkojo umepungua, unaongeza maji. Unaona hapo? Mapafu nayo yanaloa, mashine ya kupumulia haitoki kwa wakati, utumbo unavimba, kidonda kinachelewa.

Ndo maana siku ya pili kazi inageuka. Mishipa imeacha kuvuja sana, maji yaliyokuwa nje yanaanza kurudi ndani, na sasa tunayatoa, mara nyingi kwa furosemaidi, dawa ya kukojolesha, na tunampima uzito kila asubuhi muda ule ule. Potasiamu inatoka pamoja na mkojo kwa hiyo inapimwa mara kwa mara, zamani wengi tulikuwa tunaiongeza ikishuka tu chini ya 4.5 tukiogopa moyo kupiga ovyo, mpaka utafiti wa TIGHT-K wa Uingereza na Ujerumani, 2024, wagonjwa 1,690, ukaonyesha kusubiri mpaka ishuke chini ya 3.6 hakuongezi tatizo hilo.

Yule mzee aliingia thieta na kilo 71. Kesho yake asubuhi alikuwa na 75, noradrenalini imeshafungwa saa 10 usiku, presha 112 kwa 64. Siku ya nne mizani ilisoma 72, na binti yake alikuwa amekaa kando ya kitanda anamsaidia kuvaa pete, ilikuwa imeanza kuingia tena.